Haluwa ya Baraza

Kuna watu wanaodhani nchi huharibiwa na watu wabaya. Nimekaa kwenye Baraza la Mawaziri la nchi yangu muda mrefu kuliko mtu yeyote aliye hai, nimewatumikia mawaziri wakuu watatu, na wote walikuwa watu wazuri, wapenda wajukuu, wasiowagombeza madereva wao. Nchi yenyewe sitaitaja jina. Anayeijua anaijua, na asiyeijua asihangaike, atakuwa na ya kwao.

Cheo changu kilikuwa Waziri Asiye na Wizara Maalumu. Ni cheo kizuri sana. Waziri wa Afya akiamka husikia wagonjwa wamelala chini. Waziri wa Elimu akiamka husikia walimu wamegoma. Mimi nikiamka nilisikia jogoo. Nilikuwa na ofisi, mlinzi wa ofisi, na bendera mbele ya gari. Walionipigia simu walikuwa wamekosea namba, na wote nilizungumza nao kwa heshima.

Naomba kwanza nieleze baraza linavyofanya kazi, maana wananchi hulilaumu bila kulielewa, na hiyo ni dhuluma. Wananchi huchagua wabunge. Wabunge walio wengi humtoa Waziri Mkuu miongoni mwao. Waziri Mkuu naye huwachagua mawaziri kutoka kwa wabunge hao hao, akiangalia mkoa, ukoo, dini, na nani atanuna akiachwa. Uwezo huangaliwa mwisho, muda ukiruhusu. Kisha Rais huwaapisha. Rais wetu, Mungu amweke, kazi yake ni kupokea ushauri wa Waziri Mkuu na kuukubali. Aliwahi kushauriwa apumzike, akapumzika, na mpaka leo hajashauriwa vinginevyo.

Ndani ya chumba cha baraza kila waziri yuko huru kusema analolifikiri. Nimeona mawaziri wakirushiana makaratasi. Nimeona mmoja akimwita mwenzake punda, na mwenzake akaomba suala hilo liingizwe kwenye ajenda. Lakini mlango ukifunguliwa, yote yamekwisha. Nje, baraza lina sauti moja. Katiba yetu inasema: Baraza la Mawaziri litawajibika kwa pamoja mbele ya Bunge. Kwa pamoja! Maana yake akisema mmoja wamesema wote, na akikosea mmoja wamekosea wote. Na kwa kuwa haiwezekani watu wazima wengi namna ile, wenye miwani na shahada, wakosee wote siku moja, basi hakuna aliyekosea.

Ili kuilinda sauti hiyo tulikuwa na desturi ya haluwa. Kikao kikikaribia mwisho, Katibu wa Baraza aliingia na sinia la haluwa na vikombe vya kahawa chungu. Kura hatukupiga, kwa sababu kura hugawa watu. Waziri aliyekula haluwa alikuwa amekubali. Ukishaimeza, maoni yako ya mwanzo yameshuka nayo tumboni, na yakitoka tena hayatoki kwa njia ya mdomo. Asiyetaka kula alikuwa na uhuru kamili wa kuandika barua ya kujiuzulu kabla kahawa haijapoa. Katika miaka yangu yote sikumwona aliyeacha. Tuliwahi kuwa na Waziri wa Mifugo mwenye kisukari. Alikula kila wiki, na tukamzika kwa heshima zote za kitaifa.

* * *

Jambo lenyewe lilianza katika kipindi cha maswali bungeni.

Mbunge wa Ng'amboni alikuwa Mheshimiwa Mwanaidi Shekue, mwenzetu wa chama tawala, mwanamke aliyekuwa mkunga kwa muda mrefu kabla ya kuingia siasa. Jimbo lake limekatwa katikati na Mto Songoro. Hospitali iko upande huu, watu wengi wako upande ule. Mto una mahali pamoja tu panapovukika kwa miguu, penye miamba. Kwingine kote ni kina na viboko. Kila mbunge ana swali lake, na yeye lake lilikuwa moja: daraja litajengwa lini? Aliliuliza kila mkutano wa Bunge, na kila mkutano alijibiwa kwamba daraja litajengwa fedha zikipatikana. Lilizoeleka hivi kwamba Spika alilitumia kama nafasi ya kwenda msalani.

Siku hiyo Waziri wa Ujenzi, Mheshimiwa Hamdu Ngwali, alikuwa ameisahau miwani yake nyumbani. Ngwali ni bonge la mtu, mpole, mwenye sauti nzuri ambayo ilistahili msikiti. Alisimama, akaishika karatasi mbali na uso, akaisogeza karibu, akairudisha mbali, kisha akasoma kwa kujiamini:

"Mheshimiwa Spika, napenda kumjulisha Mheshimiwa Mbunge kwamba Daraja la Songoro limejengwa."

Litajengwa, limejengwa. Sijui wenzetu wenye lugha nyingine wanafanyaje, pengine wao hulazimika kukosea sentensi nzima. Katika lugha yetu, kutoka ahadi hadi utekelezaji ni silabi moja tu, na serikali nyingi zimeishi humo humo ndani ya hiyo silabi.

Wabunge wa upande wetu walipiga meza, kama wanavyozipiga waziri yeyote akisimama. Mwanaidi alibaki wima.

"Mheshimiwa Spika, swali la nyongeza. Limejengwa wapi?"

Ngwali alitutazama mmoja mmoja. Hakupata msaada.

"Mtoni, Mheshimiwa Spika."

Meza zikapigwa tena. Kiongozi wa Upinzani alisimama kwa hasira, akasema ni aibu kwa serikali kujenga daraja kwa kuchelewa namna hiyo.

* * *

Tulikutana jioni ile ile. Waziri Mkuu wetu, Daktari Kondo Makungu, kabla ya siasa alikuwa daktari wa meno, kwa hiyo amezoea kuzungumza na watu walioachama wasioweza kujibu.

"Niombe radhi tu," alisema Ngwali. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Niseme nilisoma vibaya."

"Uombe radhi wewe, au tuombe sisi?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Hakuna mimi humu ndani, ndugu yangu. Umeliambia Bunge jambo. Kama si kweli, umelidanganya Bunge. Ukilidanganya wewe tumelidanganya sote. Upinzani wataleta hoja ya kutokuwa na imani nasi, na wewe unajua wingi wetu ni wa mbunge mmoja. Serikali itaanguka, utaitishwa uchaguzi, na hata hilo daraja lenyewe nani atalijenga? Sasa niambie kwa utulivu. Lipo, halipo?"

Ngwali alifikiri kwa muda mrefu. Ni mtu mkweli, na ilimchukua nguvu.

"Lipo, Mheshimiwa."

"Hata mimi naliona lipo," alisema Waziri Mkuu, akamgusa bega kwa upole.

Waziri wa Fedha alisema kwa furaha kwamba hili lilikuwa daraja la kwanza katika historia yetu kukamilika bila kuzidi bajeti. Waziri wa Utalii akauliza kama ukisimama juu yake unaona machweo. Mimi sikusema neno, kwa kuwa madaraja hayakuwa wizara yangu, na hakuna kitu duniani kilichokuwa wizara yangu. Sinia likaingia. Tukala.

* * *

Mwanaidi hakutulia. Alikaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya Waziri Mkuu asubuhi hadi jioni, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri zamu zahanati. Nikatumwa mimi nikamtulize, kwa sababu sijawahi kugombana na mtu.

"Kaka Mbaruku," aliniambia, "wewe ni mtu mzima. Umeshapita kwenye hilo daraja?"

"Sijabahatika, dada yangu."

"Binti yangu Salha kaolewa ndani kabisa, mwendo wa kutwa kutoka mtoni. Ana mimba ya kwanza. Miguu imemvimba, kichwa hakiishi kumgonga, anaona nyotanyota. Mimi nimezalisha nusu ya wapiga kura wangu, kaka. Naijua mimba ya nyumbani na naijua mimba ya hospitali. Hii ni ya hospitali."

"Basi mwambie avuke mapema, kabla ya masika."

Alicheka kicheko kibaya.

"Nimemwambia. Mkwe wangu ananijibu, mama, kwani hukusikia redioni? Daraja lipo, tutavuka siku yake ikifika, hata mvua inyeshe. Namwambia halipo, baba. Ananiambia, mama, inawezekana vipi wewe mbunge usijue na redio ijue?"

Nilimwagizia soda.

Nilipompelekea Waziri Mkuu habari hizo, alisikitika kwa dhati. Alizunguka ofisini mwake mikono mgongoni, akafika dirishani, akasema mtu mwenye uchungu kiasi hicho hafai kuachwa nje. Kesho yake ikatangazwa wizara mpya, iliyomegwa kutoka kwa Ngwali, Wizara ya Madaraja na Vivuko. Waziri wake ni Mheshimiwa Mwanaidi Shekue.

Hii nayo ni hekima ya mfumo wetu. Mbunge wa kawaida anaweza kupiga kelele mpaka koo likauke. Waziri hawezi, kwa sababu sauti yake si yake tena, imekuwa ya wote. Mwanaidi hakuwa mjinga, alilijua hilo vizuri. Siku ya kuapishwa alinivuta pembeni, kanga yake mpya bado inanuka duka.

"Nitaila hiyo haluwa yenu, kaka Mbaruku. Lakini nitalijenga."

* * *

Kikao chake cha kwanza alifika kabla ya wote. Zamu yake ilipofika alisimama, ingawa sisi huzungumza tumekaa.

"Waheshimiwa, wakunga tuna neno letu. Mficha uchi hazai. Naomba tulijenge daraja la Songoro kabla mvua hazijaanza."

"Haliwezi kujengwa lililojengwa," alisema Waziri Mkuu taratibu.

"Basi naomba kulikarabati."

"Kulikarabati sawa. Kila daraja linahitaji ukarabati. Kiasi gani?"

"Nguzo zote. Sakafu yote. Na kingo zote mbili."

Waziri wa Fedha aliinua macho. "Kwa hiyo kitakachobaki cha zamani ni nini?"

"Jina," alisema Mwanaidi.

Ngwali aliangua kicheko, na baraza zima likamfuata. Hata Waziri Mkuu alicheka mpaka akatoa leso. Nilikuwa nimeshasahau jinsi chumba kile kinavyokuwa watu wakipata wazo. Mwanamke huyu alikuwa amepata mlango katika ukuta ambao sisi tulikuwa tumeujenga kwa mikono yetu. Nilifurahi, nakiri, nikaanza hata kuionea hamu haluwa.

Ndipo Waziri wa Mambo ya Ndani, Kanali mstaafu Masanyiwa, alipoinua kidole. Hakuwa na nia mbaya. Kanali ni mtu wa kufuata sheria, na mbele yake kulikuwa na kitabu cha sheria.

"Naomba mwongozo tu. Daraja likiingia kwenye ukarabati, si lazima lifungwe kwa watumiaji? Kifungu kinasema mtu yeyote haruhusiwi kupita kwenye daraja linalokarabatiwa, kwa usalama wake."

Tulikubali kwamba usalama wa raia ni muhimu.

"Lakini watu hawapiti darajani," alisema Mwanaidi. "Wanapita majini."

"Majini sehemu gani?"

"Pale penye miamba."

"Na daraja liko wapi?"

Mwanasheria Mkuu alifungua ramani, ile mpya iliyochorwa baada ya jibu la Ngwali bungeni, akatia kidole. Daraja lilikuwa pale pale penye miamba.

"Kwa hiyo anayepita pale anapita darajani," alisema Kanali. "Au tuseme daraja halipo, Mheshimiwa Waziri?"

Mlango ulikuwa umeshafunguliwa na Katibu alikuwa amesimama na sinia. Mwanaidi aliliangalia sinia, akamwangalia Waziri Mkuu. Akisema halipo, ukarabati umekufa na wizara imekufa. Akinyamaza, angalau nguzo zitasimama.

"Ukarabati utaanza lini?" aliuliza.

"Taratibu za zabuni zikikamilika," alisema Waziri wa Fedha.

"Na litafungwa lini?"

"Leo," alisema Kanali.

Alichukua kipande kidogo kuliko vyote. Niliiona shingo yake ikihangaika, kisha kikashuka. Nami nilikula changu. Kilikuwa na hiliki nyingi.

* * *

Masika yalikuja bila kungoja zabuni.

Kila upande wa mto Kanali aliweka askari na kibao: DARAJA LIMEFUNGWA KWA UKARABATI. TUMIA NJIA MBADALA. Njia mbadala ilikuwa kuzunguka kupitia nchi jirani, na ilihitaji pasipoti. Watu wa Ng'amboni mwanzoni walidhani ni mzaha, kisha walipigwa faini, wakaacha kucheka.

Salha alifikishwa mtoni siku ya tatu ya mvua. Mumewe na wanaume wengine watatu walimbeba juu ya kitanda cha kamba kutwa nzima, wakiwa na imani na redio. Walipofika ukingoni wakatafuta daraja. Askari akawaonyesha kibao.

Maji yalikuwa kifuani. Wanaume wa kule wamevuka maji ya kifuani tangu enzi za babu zao, kitanda begani, na walikuwa tayari kuvuka. Askari alikuwa kijana wa watu, hakuwa mkatili. Alipiga simu ya upepo kuomba ruhusa. Mkuu wake akasema hana mamlaka ya kufungua daraja, akapiga juu. Wa juu akapiga juu zaidi. Huko juu kabisa wakaona jambo lililo wazi: lililofungwa na Baraza la Mawaziri haliwezi kufunguliwa ila na Baraza la Mawaziri.

Wakati huo sisi tulikuwa bungeni. Kiongozi wa Upinzani alikuwa ameuliza kama ni kweli kwamba Daraja la Songoro halipo. Mwanaidi alisimama na karatasi ya jibu tulilolikubali. Alilisoma vizuri, bila kukosea hata silabi moja.

"Mheshimiwa Spika, daraja lipo, ila limefungwa."

Akakaa. Meza zikapigwa. Na meza zikiwa zinapigwa, mhudumu wa Bunge akamletea ujumbe kutoka mtoni.

Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Aliinuka, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha Waziri Mkuu, akapiga magoti ubavuni pake mbele ya Bunge zima.

"Mheshimiwa, lifungue. Sema neno moja tu. Mwanangu yuko pale."

Waziri Mkuu alimshika mkono. Machozi yalimlengalenga, niliyaona. Nilikwishasema, hakuwa mtu mbaya.

"Dada yangu, ningekuwa peke yangu ningelifungua sasa hivi. Lakini sisi hatuko peke yetu."

Akaagiza kikao cha dharura. Tulikimbilia chumba cha baraza, tukakaa, tukangoja. Akidi haikutimia. Mawaziri kadhaa walikuwa nje ya mji kwenye semina ya namna ya kufanya maamuzi ya haraka.

Mwanaidi hakungoja. Alipofika mtoni, askari wa upande huu alimpigia saluti, kwa kuwa alikuwa Waziri wa Madaraja, kisha akageuka akaangalia miti. Mwanaidi akaingia majini na kanga yake. Wale wanaume wanne, askari wa ng'ambo akiwa bado kwenye simu, wakamfuata katikati wakamshika mikono, wakamvusha.

Salha alikuwa ameshapata degedege, moja baada ya nyingine, pale pale kwenye matope. Mwanaidi alimzalisha binti yake mvuani, chini ya shuka lililoshikwa na wanaume waliogeuza nyuso. Mtoto alilia. Mama yake hakumsikia.

Jioni ile wanaume wale wale walimrudisha Mwanaidi na kichanga upande wa hospitali. Mvua ilikuwa haijapungua. Maji yalikuwa yale yale, kifuani. Walivuka.

* * *

Tulikwenda matangani kwa pamoja, magari yote na bendera zote. Mazishi yenyewe yalikuwa ng'ambo na hatukuweza kuhudhuria, daraja likiwa limefungwa, lakini dua ilisomwa nyumbani kwa Mwanaidi upande huu. Turubai lilifungwa uani, mikeka ikatandikwa. Wanawake walikuwa ndani. Kila mara kichanga kilisikika.

Baada ya dua Waziri Mkuu alisimama kusoma salamu za rambirambi. Nilikuwa nimekaa karibu naye na karatasi niliiona. Iliandikwa: Serikali itawajibika. Alisafisha koo, akasoma:

"Serikali imewajibika."

Mpaka leo sijui kama alikosea. Miwani alikuwa nayo. Hakuna aliyemsahihisha, maana tulikuwa na sauti moja. Nikajua papo hapo kwamba limekwisha, kama daraja lilivyokwisha. Likishasemwa limefanyika.

Kisha pazia la ndani likafunuliwa na Mwanaidi akatoka. Si desturi mfiwa mwanamke kuhudumia wanaume, na wazee waliinamisha macho. Mikononi alikuwa na sinia la haluwa. Alisimama katikati ya uwanja, macho makavu.

"Ndugu zangu mliotufariji, asanteni," alisema. "Hawa wageni wangu kutoka serikalini wana desturi yao. Kwao, anayekula haluwa amekubali. Nami nina neno moja tu la kukubaliwa. Songoro hakuna daraja. Halijawahi kuwepo. Mwanangu amekufa akingoja ruhusa ya kupita majini." Akainama mbele ya Waziri Mkuu. "Karibu, Mheshimiwa."

Mjue uzito wake. Kukataa chakula cha matanga ni kumtukana maiti, na uani palikuwa na mji mzima. Kula ni kuangusha serikali. Waziri Mkuu aliliangalia lile sinia, na kwa mara ya kwanza alikuwa yeye aliyeachama. Kisha akatoa leso mfukoni, ile ile aliyofutia machozi ya kicheko, akachukua kipande cha haluwa, akakifunga vizuri.

"Nitakula nyumbani, dada yangu," alisema. "Daktari amenizuia utamu mchana."

Waziri wa Fedha akatoa leso. Kanali akatoa leso. Sinia lilizunguka na leso zikatoka moja baada ya nyingine, nyeupe, za bluu, zenye maua, hata Ngwali, ambaye kipande kilimdondoka mara mbili. Sikuwahi kuliona baraza likiafikiana vizuri namna ile.

Likafika kwangu. Sikuwa na leso. Waziri asiye na wizara hatoki jasho, kwa hiyo habebi. Nilijipapasa mifukoni. Mwanaidi alisimama tu. Hakunihimiza, hakunionea huruma. Ndani kichanga kilianza tena kulia, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

Nikala.

* * *

Taarifa ya redio ya saa saba ilisema serikali, kama ilivyoahidi, imewajibika, na kwamba Waziri Asiye na Wizara Maalumu ameondolewa kufuatia maafa ya Songoro. Walininyang'anya bendera, wakaniachia jogoo. Mwanaidi aliandika barua ya kujiuzulu, lakini Waziri Mkuu hakuipokea, kwa kuwa waziri mmoja akijiuzulu peke yake baraza litaonekana lina sauti mbili. Yeye akarudi ng'ambo na mjukuu wake. Bungeni kiti chake bado kinahesabiwa upande wa serikali, na wingi wetu bado ni wa mbunge mmoja. Zabuni, nasikia, iko mbioni.

Siku ya arobaini nilikwenda kumwona mtoto. Nimechoka, magoti yananiuma, ila nilitaka kumwona. Masika yalikuwa yamekwisha. Pale penye miamba maji yalikuwa yamerudi magotini, masafi, unaona mpaka changarawe. Ng'ambo niliwaona watu wameketi chini ya turubai, na mwanamke mmoja amesimama ukingoni na kitoto begani, ananitazama.

Nilivua viatu. Askari wa upande huu, naye kijana, akatoka kwenye kibanda chake akafunga vifungo vya shati.

"Shikamoo, mzee. Samahani. Daraja limefungwa."

"Mwanangu," nilimwambia, "hapa hapana daraja."

Aliniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu mzima aliyechelewa kuelewa.

"Najua, mzee," alisema. "Lakini limefungwa."